Hatua Mia Mbili na Ishirini

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijasikika kutoka ng'ambo ya bonde, Limakatso alikuwa na kazi nne, nazo alizifanya kwa mpangilio uleule. Aliwasha moto wa samadi kavu, akachemsha uji mchachu wa mtama, akapasha maji ya kunawa, kisha akachukua kijitabu chenye jalada la buluu na kumtoa baba yake nje ili atembee.

"Kutembea ni kazi yangu, kuhesabu ni kazi yako," baba yake, Ntate Lebusa, ambaye wote walimwita ntate, yaani baba au bwana kwa lugha yao, alizoea kumwambia huku akijifunga blanketi lake kwa taabu. "Ukiruka namba tutaanza upya, na baridi hii itatung'ata sote wawili."

"Sijawahi kuruka namba, ntate."

"Juzi uliruka sitini na saba. Nilikusikia. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimechoka."

Ntate Lebusa alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amevunja mwamba chini ya ardhi katika migodi ya dhahabu ya ng'ambo ya mpaka, akivuta vumbi lake laini mchana na usiku. Aliporudi nyumbani asirudi tena mgodini, vidole vyake vilianza kubadilika rangi kila baridi ilipovigusa: vilikuwa vyeupe kama chokaa, kisha vya samawati, kisha vyekundu vyenye kuwaka. Baadaye ngozi ya mikono ikakakamaa na kung'aa kama ngozi iliyowambwa kwenye ngoma. Ngozi ya uso ikavutika, mdomo ukawa mdogo, hata hakuweza tena kuuma hindi. Limakatso alimpukuchulia punje sahanini. Mwishowe ugumu huo ukaingia mapafuni.

Daktari alikuwa amewaeleza kwa maneno mepesi. Ndani ya mwili wa kila mtu mna askari wanaopigana na magonjwa. Katika ugonjwa huu, askari hao huchanganyikiwa na kumpiga mwenye nyumba wakidhani ni mwizi, na kila walipopiga hubaki kovu gumu. Wachimbaji wengi waliovuta vumbi la mwamba walikuwa wameugua hivyo. Kwa nini huyu aliugua na mwenzake aliyechimba kando yake akasalimika, hakuna aliyejua. Dawa ya kuuponya haikuwapo.

Ndiyo maana mwezi wa Januari hospitali ya mjini ilianzisha utafiti. Wagonjwa wangemeza vidonge vipya kwa mwaka mzima; nusu yao wangepewa dawa yenyewe, na nusu wangepewa vidonge vya kufanana navyo visivyo na dawa ndani. Hata daktari hakujua nani amepewa vidonge vya aina gani. Kila mgonjwa alipewa kijitabu cha buluu chenye maswali matatu kwa kila siku: Vidole vimekuwa vyeupe mara ngapi? Umekohoa usiku? Umetembea hatua ngapi kutoka mlangoni kabla ya kulazimika kusimama?

Vidole vya Ntate Lebusa havikuweza kushika kalamu, na mkewe alikuwa akishona katika kiwanda cha nguo huko Maseru, akirudi mara moja kwa mwezi. Basi kazi ya kuandika ilimwangukia Limakatso, mwenye umri wa miaka kumi na miwili na mwandiko ulionyooka. Kila Ijumaa jioni, 'M'e 'Mathabang, yaani Mama 'Mathabang, muuguzi wa utafiti, alipiga simu, na Limakatso akamsomea namba za wiki.

"Sikiliza, binti," muuguzi huyo alikuwa amemwambia siku ya kwanza, akimtazama juu ya miwani. "Andika unachokiona. Unachokitamani kiache moyoni mwako."

"Ndiyo, 'm'e."

Kwa miezi miwili Limakatso aliandika alichokiona. Januari, hatua mia mbili na kumi na mbili. Februari, mia mbili na tano. Mwanzoni mwa Machi, mia moja na tisini.

Ilikuwa katika mwezi huo wa Machi ambapo Ntate Lebusa, siku moja alipokuwa na moyo wa kuzungumza, alimsimulia habari za ofisi ya kuandikisha wachimbaji. Aliisimulia kama mtu asimuliavyo ushindi.

"Kila mkataba mpya, tunapimwa. Wanakuingiza katika chumba cha mvuke, unapanda kidaraja na kushuka, unapanda na kushuka, nusu saa nzima. Ukiyumba, unarudishwa nyumbani. Ukipungua uzito, unarudishwa. Ukikohoa mbele ya daktari, ndiyo basi tena, watoto wako watakula majani."

"Sasa mlifanyaje?"

"Tulikunywa maji mpaka tumbo likagonga kama pipa, ili mizani ituheshimu. Kikohozi tulikimeza. Daktari akiuliza, 'Unajisikiaje?' unajibu kwa sauti kubwa, 'Kama fahali!'" Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi kilichomkunja. Alipopata pumzi alisema, "Mara kumi na nne nimepimwa, binti yangu. Sikurudishwa hata mara moja."

Kesho yake, njiani kwenda shuleni, Limakatso alimsimulia rafiki yake Puseletso habari hiyo. Puseletso alikuwa msichana mwenye jibu la kila jambo, lililo sahihi na lisilo sahihi.

"Mjomba wangu alirudishwa kwa kikohozi kimoja tu," Puseletso alisema. "Kimoja! Na baba yako bado anapewa vidonge vya bure?"

"Bado."

"Basi angalia sana. Madaktari ni walewale. Wakiona hafanyi vizuri, watampa vidonge hivyo mtu mwingine. Wewe mwenyewe ukiwa na mbegu chache, utazipanda kwenye mwamba?"

"Baba yangu si mwamba."

"Sijasema ni mwamba. Nimesema wao watafikiri hivyo. Mbona unanuna? Mwanafunzi mzuri hupeleka nyumbani alama nzuri, basi."

Limakatso alinuna njia nzima, lakini maneno hayo yalikaa. Asubuhi iliyofuata baba yake alisimama kwenye hatua ya mia moja na themanini, akajishika magoti. Binti aliitazama nafasi tupu kwenye ukurasa. Aliandika mia mbili na kumi na mbili.

Uongo wa kwanza aliuandika polepole. Wa pili aliuandika upesi. Kufikia Aprili alikuwa ameanza kuupamba: mia mbili na kumi na tano, mia mbili na kumi, mia mbili na ishirini, mara aliongeza na mara alipunguza, ili namba zionekane kama za kweli. Vidole vilivyokuwa vyeupe mara saba aliviandika mara moja. Kikohozi hakukiandika kabisa. Hakufanya hivyo kwa uvivu wala kwa ubaya wa moyo. Aliamka mapema kuliko watoto wote wa kijiji kile, na alimpenda baba yake. Lakini uongo uliosemwa kwa upendo bado ni uongo, na mwili wa mgonjwa haukuzijua namba zake.

Ijumaa zilifuatana.

"Mia mbili na ishirini?" 'M'e 'Mathabang alisema kwenye simu mwezi wa Mei. "Huyu baba yako atakuja kunishinda mbio mimi. Na kikohozi?"

"Hakuna, 'm'e."

Wakati huohuo, nyuma yake, Ntate Lebusa alikuwa akikohoa kikohozi kikavu kisichokwisha. Limakatso aliifunika simu kwa pindo la blanketi, akangoja, kisha akaifunua.

"Vizuri sana," muuguzi alisema. "Nawaombea wagonjwa wangu wote wawe kama yeye."

Usingizi wa usiku ule haukuwa mwema. Hata hivyo Ijumaa iliyofuata alisoma namba nyingine, kwa kuwa hakuona mahali pa kushukia. Juni ilileta theluji katika vilele, na ncha za vidole vya Ntate Lebusa zikapasuka vidonda visivyofunga. Hatua zikawa tisini, zikawa sitini, zikawa arobaini. Yeye mwenyewe hakulalamika kamwe. Jirani alipomwuliza hali, alijibu, "Kama fahali," kwa pumzi iliyokatika katikati ya neno.

Katikati ya Julai ilifika siku ya kupimwa hospitalini, ambayo ilikuja mara moja kila miezi sita. Jirani mwenye gari aliwapeleka. 'M'e 'Mathabang aliwapokea akitabasamu, akachukua kijitabu cha buluu kutoka kwa Limakatso. Lakini alipomwona Ntate Lebusa akishuka garini, tabasamu liliondoka taratibu.

"Ntate, umekonda."

"Ni safari tu, 'm'e. Niko sawa."

Kwanza alitakiwa kutembea kwenye ujia mrefu wa hospitali kwa dakika sita. Alijinyoosha kama alivyojinyoosha zamani mbele ya mizani, akaondoka kwa hatua za kijeshi. Hatua ya ishirini na nane aliegemea ukuta. Hakuweza kuendelea. Midomo yake ilikuwa ya samawati.

Kisha alipuliza katika mashine ya kupima pumzi, mara tatu, na mara zote tatu muuguzi aliitazama karatasi iliyotoka, akaikunja.

Daktari Makhetha, kijana mrefu aliyezungumza polepole, alizikunjua karatasi mezani, akaweka kijitabu kando yake. Limakatso alikaa kwenye benchi la pembeni, mikono katikati ya magoti.

"Sielewi," daktari alisema. "Kijitabu kinasema juzi Jumatano ulitembea hatua mia mbili na ishirini. Leo ishirini na nane. Miezi minne hapana kikohozi, leo kifua kinapiga kelele kama karatasi inayokunjwa. Mtu haanguki hivi kwa siku mbili kwa sababu ya ugonjwa huu, maana wenyewe hutambaa polepole." Alimgeukia muuguzi. "Litakuwa jambo jipya. Uvimbe wa ghafla mapafuni. Mashine ya picha ya kifua imeharibika tangu Jumatatu, na siwezi kungoja. Tumlaze, tumpe ile dawa kali ya sindano ya kutuliza uvimbe, kipimo kikubwa."

"Na figo, daktari?" 'M'e 'Mathabang aliuliza kwa sauti ya chini. "Dawa hiyo kwa wagonjwa wa ngozi kukakamaa..."

"Najua. Inaweza kuziua figo zake. Ningekuwa na njia nyingine nisingeigusa. Lakini kama hali hii ni ya ghafla, asipoipata atakufa wiki hii."

Limakatso aliyasikia maneno hayo yote. Alielewa jambo moja tu, lakini alilielewa barabara: sindano ile ilikuwa inakuja kwa sababu ya namba zake. Akinyamaza, baba yake angeharibiwa figo kwa ajili ya ugonjwa asiokuwa nao. Akisema, vidonge vingechukuliwa. Alisimama.

"Si ya ghafla," alisema.

Watu wazima watatu walimgeukia.

"Si ya ghafla, ntate daktari. Jumatano alitembea thelathini na moja. Niliandika mia mbili na ishirini. Tangu Machi naandika uongo."

"Mtoto anababaika," Ntate Lebusa alisema upesi. "Msimsikilize, daktari. Ameogopa hospitali. Mimi niko..." Kikohozi kilimkata. Kilichukua muda mrefu kuisha.

"Endelea, binti," daktari alisema.

Alieleza yote, bila kumtaja Puseletso, kwa maana mkono ulioandika ulikuwa wake mwenyewe. Alieleza hatua tisini za Juni, na vidole vyeupe mara nane, na blanketi juu ya simu.

"Kwa nini?" aliuliza 'M'e 'Mathabang.

"Ili asirudishwe. Ili msimnyang'anye vidonge."

Daktari Makhetha aliweka kalamu chini, akaufunika uso wake kwa viganja kwa muda mfupi. Alipoufunua alikuwa mtulivu.

"Hakuna sindano," alimwambia muuguzi. Kisha akamgeukia Ntate Lebusa. "Nitakwambia kila kitu, ntate, kwa sababu hii ni haki yako. Katika utafiti huu kuna kanuni. Mgonjwa anayeshuka chini ya kiwango fulani anaondolewa mara moja, na akiondolewa anapewa dawa nyingine, tunayoijua tangu zamani. Haiponyi. Hupunguza mwendo wa kovu mapafuni. Kwa namba za kweli ungeondolewa mwezi wa Aprili."

"Na hivi vidonge nilivyomeza?"

"Sijui ni vya aina gani. Hatutajua mpaka utafiti umalizike mwakani. Huenda vilikuwa na dawa isiyokusaidia. Huenda havikuwa na kitu."

Ntate Lebusa alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia bei ya kitu ambacho kimekwisha kuuzwa. "Nikianza hiyo dawa ya zamani leo, pumzi itarudi?"

"Hapana. Kovu halirudi kuwa pafu. Itabaki hii uliyo nayo, kwa muda."

"Muda gani?"

"Maua ya miti ya mapichi ya mwaka huu utayaona, baridi hii ikiisha, nafikiri. Ya mwaka ujao siwezi kukuahidi."

Limakatso alikaa tena kwenye benchi.

Daktari alipompeleka Ntate Lebusa wodini, 'M'e 'Mathabang alimkalisha msichana kwenye meza ndogo ya ujiani. Aliweka mbele yake kijitabu cha buluu, rula na kalamu ya wino mweusi.

"Nipe kifutio, 'm'e."

"Katika utafiti hatufuti. Anayefuta anaongeza uongo wa pili juu ya wa kwanza. Utapiga mstari mmoja juu ya kila namba ya uongo, mstari mwembamba, ili namba iendelee kusomeka chini yake. Kando yake utaandika tarehe ya leo na jina lako."

"Zote?"

"Zote. Tangu Machi."

Limakatso alizifungua kurasa, akapiga mstari. Akaandika jina. Akapiga mwingine. Muuguzi alikaa mbele yake akitazama, hakumharakisha wala hakumsaidia. Baada ya kurasa nne Limakatso aliuliza, macho yakiwa kwenye rula, "Niandike zile za kweli? Nyingine nazikumbuka."

"Unazikumbuka kwa hakika, kila siku kwa tarehe yake?"

Alifikiri. "Hapana."

"Basi usiziandike. Zimepotea. Kuna mama mmoja kule Quthing mwenye ugonjwa huuhuu, na wengine sitini na tatu. Siku moja mtu atasoma vijitabu hivi vyote ili ajue kama dawa inafaa. Miezi minne ya baba yako ingemwambia kitu. Sasa haitamwambia chochote."

Kalamu ilisimama. "'M'e, nimemwua ntate?"

'M'e 'Mathabang alivua miwani. Alikuwa amelea watoto sita na kuzika wagonjwa wengi, na hakuwa na desturi ya kumpa mtoto jibu tamu ili anyamaze.

"Hapana. Ugonjwa ndio utakaomwua, na ulimwanza kabla hujazaliwa, kule chini, katika vumbi. Hata ungeandika kweli tupu, tusingemponya. Hakuna ajuaye kumponya. Lakini kulikuwa na miezi ambayo tungeweza kuipigania, nawe uliificha. Hiyo ni yako, Limakatso. Sitakwambia si yako, kwa sababu umetoka kunionyesha kwamba unaweza kubeba ukweli. Leo umemwokoa na sindano mbaya kwa maneno machache. Ungeyasema Aprili ungemwokoa na zaidi."

Msichana alilia sasa. Muuguzi alimngoja.

"Yashike haya," alisema. "Pale kwenye migodi walimpima baba yako ili wamtumie, na asiyefaa walimtupa. Alijifunza kuuficha mwili wake, na simlaumu. Lakini hapa tunampima mgonjwa ili tujue anaumia wapi. Mbele ya mganga hapana kufaulu wala kushindwa. Ukimficha ugonjwa, unaulinda ugonjwa, humlindi mgonjwa. Hata pale ambapo hatuna tiba, ukweli ndiyo kazi pekee tuliyo nayo. Umesikia?"

"Nimesikia, 'm'e."

"Malizia."

Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye madirisha ya chini walipomleta Ntate Lebusa kwa kiti cha magurudumu, mpira wa hewa puani. Aliuona mstari baada ya mstari, na jina la binti yake likijirudia pembezoni mwa kila ukurasa kama adhabu ya shule.

"Mbona jina ni lake peke yake?" aliuliza.

"Yeye ndiye aliyeandika, ntate."

"Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilijisifu mbele yake kwa kuwadanganya madaktari. Na kila asubuhi nilijua nimetembea ngapi. Sikumwuliza hata siku moja ameandika ngapi. Niliogopa kusikia." Alivuta pumzi fupi, na nyingine. "Nileteeni wino."

'M'e 'Mathabang alileta kidau cha wino cha kuwekea alama za vidole. Vidole vya Ntate Lebusa havikunyooka, kwa hiyo Limakatso alikishika kidole gumba cha baba yake, kigumu na baridi kama ufito, akakigandamiza kwenye wino, kisha kwenye ukurasa wa mwisho, kando ya jina lake mwenyewe. Ngozi ilikuwa imekwisha kuwambwa mno. Mistari ambayo kila mtu huzaliwa nayo haikutokea. Kilichobaki kwenye karatasi kilikuwa doa jeusi, laini, lisilo na alama yoyote.

Muuguzi aliandika kando yake: *Lebusa, baba*, na tarehe.